Kipeo cha Nusu na Upeo wa Macho



Mazungumzo yetu ya leo ni ya hesabu, na twajua ya kuwa kwa kulisikia neno hilo wako watakaofunua kurasa za mbele kutafuta habari za kilimo au za ufugaji wa nyuki. Twawaomba wavumilie kidogo. Jambo tutakalolieleza limeandikwa katika vitabu vya shule kwa alama chache ndogo, na wanafunzi wengi huliogopa kuliko lilivyo. Lakini mtu aliyesimama Raskazone jioni, akatazama majahazi yakitokea upande wa Pemba, ameliona kwa macho yake kabla hajalisoma.

Jambo lenyewe ni hili. Kila aliyejifunza hesabu ajua maana ya 5²: ni 5 mara 5, yaani 25. Ajua pia 2³: ni 2 mara 2 mara 2, yaani 8. Ile namba ndogo iliyokaa begani pa mwenziwe huitwa kipeo, nayo yatuambia tuiandike namba kubwa mara ngapi katika kuzidisha. Mpaka hapo hapana taabu. Taabu huanza siku kitabu kinapoandika 9¹ᐟ², au 8²ᐟ³, kisha kikaamuru: andika kwa alama ya kipeuo, katika umbo lililo sahili kabisa.

Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi tulipewa kanuni ya kukariri: namba ya chini ni kipeuo, namba ya juu ni kipeo. Tuliikariri, tukafaulu mtihani, tukawa walimu. Mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha akasimama kijana mmoja, mtoto wa mvuvi kutoka pande za Kigombe, akatuuliza, “Mwalimu, namba yawezaje kuzidishwa kwa nafsi yake nusu mara?” Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aketi, aikariri kanuni kama wenziwe. Akaketi, wala hakuuliza swali jingine mwaka ule wote. Swali lake lilikuwa bora kuliko somo letu, na haya tuandikayo ni jibu alilostahili kupewa siku ile.

Tuseme katika bwawa pameota magugu ya maji, na kila miezi miwili ipitapo magugu huwa mara 9 ya yalivyokuwa, nayo yakua kwa kadiri moja kila mwezi. Je, baada ya mwezi mmoja yatakuwa mara ngapi? Mwenye haraka atasema mara 4½, kwa kuwa nusu ya 9 ni 4½. Haya, na ajaribu. Mwezi wa kwanza magugu yazidi mara 4½; mwezi wa pili yazidi tena mara 4½; jumla imekuwa mara 20 na robo, wala si mara 9. Namba itakiwayo ni ile ambayo ikizidisha, kisha ikazidisha tena, yote pamoja hufanya 9. Nayo ni 3. Basi nusu ya safari ya kuzidisha kwa 9 ni kuzidisha kwa 3. Hiyo ndiyo maana ya 9¹ᐟ². Si nusu ya 9, bali ni nusu ya njia ya kuifikia 9 kwa kuzidisha.

Na kama magugu yangekuwa mara 8 kwa miezi mitatu? Mwezi mmoja ni theluthi ya safari, na kila mwezi yangezidi mara 2, maana 2 mara 2 mara 2 ni 8. Kwa hiyo 8¹ᐟ³ ni 2. Miezi miwili ni theluthi mbili za safari, na hapo magugu yamekuwa mara 4. Kwa hiyo 8²ᐟ³ ni 4. Mtoto wa mvuvi angeliielewa habari hii kwa dakika tano.

Kanuni ya shule yasema vivyo hivyo kwa njia nyingine. Tukizidisha 5² kwa 5³ twapata 5⁵, yaani vipeo hujumlishwa. Tukiishika sheria hiyo, basi 9¹ᐟ² mara 9¹ᐟ² haina budi kuwa 9¹, yaani 9 yenyewe. Na namba ambayo kwa kujizidisha huleta 9 tumezoea kuiita kipeuo cha pili cha 9, tukiiandika √9. Katika sehemu iliyo kipeo, namba ya chini, iitwayo asili, hutaja ni kipeuo cha ngapi. Namba ya juu, iitwayo kiasi, hutaja tuinue mara ngapi. Hivyo 8²ᐟ³ ni kipeuo cha tatu cha 8, kisha mraba wake. Au mraba wa 8 kwanza, ambao ni 64, kisha kipeuo chake cha tatu. Njia zote mbili huishia 4. Twapendelea kuanza na kipeuo, kwa sababu namba hubaki ndogo na makosa hupungua.

Huenda mtu akauliza, kwa nini basi kuwe na maandishi mawili kwa jambo moja? Ni kwa sababu yalizaliwa mbali mbali. Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad karibu na mwaka 820, na ambaye jina la kitabu chake ndilo lililozaa neno aljebra, alikiita kipeuo cha pili kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mzizi. Alama √ ilipigwa chapa mara ya kwanza katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff mwaka 1525. Vipeo vilivyo sehemu vilifikiriwa katika karne ya 14 na Mfaransa Nicole Oresme, lakini havikuenea mpaka Isaac Newton alipovitumia katika barua zake za mwaka 1676. Mwanafunzi wa leo hukutana navyo katika ukurasa mmoja akadhani ni vitu viwili, kumbe ni mtu mmoja mwenye kanzu mbili.

Sasa twende ufukoni. Kila mtu wa Tanga, wa Pangani au wa Moa amekwisha kuona ya kuwa jahazi likienda zake baharini, kwanza hutoweka ubavu wake, kisha tanga, na mwisho ncha ya foromali. Maji yanayokizuia chombo ni mgongo wa dunia yenyewe, kwa kuwa dunia ni mviringo. Mahali ambapo bahari na mbingu huonekana kukutana twapaita upeo wa macho, na swali ni hili: je, upeo huo uko mbali kiasi gani nasi?

Wanahesabu huonyesha ya kuwa mraba wa umbali huo ni sawa na kipenyo cha dunia kikizidishwa kwa kimo cha jicho juu ya maji. Kuna punje ndogo iachwayo, lakini ni ndogo mno. Kipenyo cha dunia ni kama maili 7,920. Maili moja ina futi 5,280. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili, na jibu ni 1½ kamili. Ni bahati njema ambayo hatuioni tukitumia kipimo kingine. Basi tukipima kimo kwa futi na kukiita k, na umbali tukaupima kwa maili, umbali wa upeo ni

(3k/2)¹ᐟ²

na hapo kipeo cha nusu kimetokea pwani kwetu bila kuitwa. Hewa hupinda mwanga na kuusogeza upeo mbele kidogo, lakini jambo hilo hatutaliingiza katika hesabu zetu. Wapimao kwa mita na kilomita, kama ilivyo desturi sasa, watwae kipeuo cha pili cha kimo na kukizidisha kwa 3.57.

Mtu aliyesimama gatini, macho yake yakiwa futi 6 juu ya maji, kwake 3k/2 ni 9, na 9¹ᐟ² ni 3. Upeo wake uko maili 3. Akipanda hata macho yakawa futi 24 juu, 3k/2 ni 36, na upeo uko maili 6. Amepanda mara nne, ameona mara mbili. Tumewauliza wanafunzi wengi wakadhani ya kuwa apandaye mara nne ataona mara nne. Hivyo ndivyo wanavyodhani wale wanaofasiri kipeo cha nusu kuwa ni kugawanya kwa 2, maana kwao umbali ungekua sawasawa na kimo.

Lakini si kila kimo huleta namba nzuri kama 9 na 36. Tuchukue nahodha aliyesimama juu ya jahazi, macho yake yakiwa futi 12 juu ya maji. 3k/2 ni 18, na upeo wake ni 18¹ᐟ², yaani √18. Hakuna namba nzima ambayo kwa kujizidisha huleta 18. Hapa ndipo kitabu kisemapo, sahilisha. Tazama ndani ya 18 kama mna kigawo kilicho mraba kamili: 18 ni 9 mara 2. Kipeuo cha 9 ni 3, nacho chaweza kutoka nje. 2 haina njia ya kutoka, hubaki ndani. Kwa hiyo √18 = 3√2. Na kwa kuwa √2 ni karibu 1.414, upeo wa nahodha uko kama maili 4 na robo.

Na tuseme ufukoni pana taa iliyotundikwa futi 48 juu ya maji. 3k/2 ni 72, na upeo wa taa ni √72. Wako wanafunzi watakaotoa 9 kwanza, wapate 3√8, wakaweka kalamu chini. Hawajamaliza, maana ndani ya 8 mna 4, na kipeuo chake, 2, chapaswa kutoka nacho. √72 = 6√2. Aliyeona mara moja ya kuwa 72 ni 36 mara 2 amefika kwa hatua moja. Yule mwingine atafika pia, mradi asisimame njiani.

Sasa linganisha. Katika √18 na √72 jicho halioni udugu wowote. Katika 3√2 na 6√2 mtoto mdogo aona ya kuwa moja ni maradufu ya nyingine. Hii ndiyo sababu ya kusahilisha, wala si kwa kumfurahisha mwalimu asahihishaye daftari. Na faida yaonekana zaidi tukitaka kujumlisha.

Nahodha yule arudi usiku. Taa ya futi 48 itaanza kuchomoza machoni pake akiwa umbali gani? Mwanga hupita ukigusa mgongo wa bahari kati yao. Toka kwa nahodha mpaka mahali pa kugusa ni √18, na toka hapo mpaka kwenye taa ni √72. Jumla ni √18 + √72. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Mtu hujumlisha 18 na 72 chini ya alama moja, akaandika √90, yaani maili 9 na nusu. La, hasha! Vipeuo havijumlishwi kwa kuchanganya vilivyo ndani. Tukivisahilisha, jawabu latoka lenyewe: 3√2 na 6√2 ni 9√2, kama vile maembe 3 na maembe 6 ni maembe 9. Hayo ni karibu maili 12 na robo tatu.

Tofauti ni zaidi ya maili 3. Nahodha aaminiye jawabu la kwanza, mara aonapo taa ikichomoza atadhani yuko maili 9 na nusu kutoka ufukoni, kumbe angali karibu 13. Ataanza kuhesabu mwendo wake toka hapo, ageuze chombo mapema, akidhani mbele yake ni mlango wa ghuba ya Tanga, na mbele yake ni mwamba. Twakiri ya kuwa manahodha wetu wa zamani hawakuihitaji √2. Walijua kwa mazoea ya miaka mingi ni wapi taa huchomoza. Lakini kijana asiye na miaka hiyo hana budi kuwa na hesabu iliyo sawa.

Kanuni yetu yenyewe ina dosari moja ya umbo: ndani ya alama mna sehemu, 3k/2, na umbo sahili halikubali sehemu ndani ya alama, wala alama katika asili ya sehemu. Dawa ni kuzidisha juu na chini kwa namba moja hata asili iwe mraba kamili. 3k/2 ni sawa na 6k/4. Kipeuo cha 4 ni 2, chatoka nje. Imebaki √(6k) gawanya kwa 2. Zidisha futi zako kwa 6, tafuta kipeuo, kata nusu. Umbo hili twalipenda kuliko la kwanza, maana laweza kufanywa kichwani ukiwa umesimama mchangani.

Tulijaribu kanuni hii kwa Amani, huko Usambara ya mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Mahali palipo futi 3,000 juu ya bahari, 3k/2 ni 4,500. Ndani yake mna 900, na 900 mara 5 ni 4,500. Basi upeo ni 30√5, yaani kama maili 67. Pasipo kilima wala mti wa kuzuia, na hewa ikiwa safi, upeo wa aliye juu huko wavuka ufuko wa Tanga na kuingia mbali baharini. Kinyume chake, aliyesimama mchangani Raskazone haioni Pemba, iliyo zaidi ya maili 30 ng'ambo. Upeo wake ni maili 3. Hata tukihesabu maili 30 tu, zimebaki 27, na ili kilima kichomoze kwa umbali huo hakina budi kuwa na kimo cha futi 486, maana 27 mara 27 ni 729, na theluthi mbili za 729 ni 486. Pemba haina kilima cha kimo hicho.

Tumekaa sana kwenye kipeo cha nusu. Hivyo vingine tutavipitia upesi. Seremala atakaye kasha lenye pande zote sawa, la kuchukua futi za ujazo 16, kila upande utakuwa 16¹ᐟ³. Sasa hatutafuti mraba kamili ndani ya 16, bali mchemraba kamili, nao ni 8. Kwa hiyo upande ni 2∛2, kama futi 2 na nusu. Uso mmoja wa kasha ni 16²ᐟ³, yaani mraba wa 2∛2, ambao ni 4∛4. Nyuso ziko sita: 24∛4, kama futi za mraba 38 za mbao. Mteja akitaka kasha la kuchukua mara nane, futi 128, upande ni 4∛2, maradufu tu, na uso ni 16∛4, mara nne tu. Seremala aliyenunua mbao mara nane amepoteza nusu ya fedha yake.

Kipeo chaweza kuzidi 1. Mwaka 1619 Johannes Kepler alitangaza ya kuwa muda wa sayari kulizunguka jua ni umbali wake ulioinuliwa kwa 3/2, tukihesabu umbali wa dunia kuwa 1 na muda wake kuwa mwaka 1. Ile nyota nyangavu Mshtarii, ambayo wavuvi huiona usiku, umbali wake ni 5.2. Sasa 3/2 ni 1 na nusu: ile 1 nzima yatoka nje, na nusu yabaki chini ya alama. 5.2³ᐟ² ni 5.2√5.2, nayo ni karibu miaka 11 na miezi 10. Wanajimu wameupima mzunguko wake, ndio huo. Vivyo hivyo kwa herufi: x⁵ᐟ³ ni x∛x², maana 5/3 ni 1 na theluthi mbili.

Neno moja limebaki, ambalo hata walimu husahau. Sehemu iliyo kipeo ifupishwe kwanza kama sehemu nyingine zote. 9¹ᐟ⁴ ni kipeuo cha nne cha 9. Lakini 9 ni 3², na 2 mara ¼ ni ½, kwa hiyo ni √3 tu. Aliyeacha kipeuo cha nne cha 9 hakukosa thamani, ila umbo halijawa sahili.

Atakaye kujipima na ajaribu hili kabla ya kutazama mstari wa mwisho. Ngalawa mbili ziko baharini pande za Pangani. Katika moja mtoto amepanda mlingotini, macho yake yakiwa futi 18 juu ya maji. Katika nyingine mzee amesimama, na ncha ya mlingoti wake iko futi 8 juu ya maji. Mtoto ataanza kuiona ncha hiyo wakiwa maili ngapi mbali? Jawabu liandikwe kwa alama ya kipeuo, katika umbo sahili kabisa.

Jawabu: 5√3, kama maili 8 na theluthi mbili. Aliyepata √39 na arudi kwenye habari ya taa.